Kusindikiza Meli Mbali na Bahari

Mji wa Nakuru umejengwa mahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki. Safari ya kutoka hapo hadi Mombasa kwa barabara inazidi kilomita 600, na mji wenyewe umeinuka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari ambayo wengi miongoni mwa wakazi wake hawajapata kuiona. Ziwa lililo ubavuni mwa mji ni la maji ya magadi; linasifika kwa heroe wake, wala halina nahodha wala gati. Maji ya ziwa hilo yalipoanza kupanda karibu mwaka wa 2010, yakafunika hata lango la zamani la mbuga, mazungumzo mjini yalihusu barabara, nyua na majengo yaliyozama. Hakuna aliyetaja mashua. Naivasha, ambako maji ni matamu, kuna wavuvi, na kuanzia 1937 hadi 1950 ndege kubwa za kutua majini zililifanya ziwa hilo kituo chao. Lakini ndege ni ndege, na abiria wake walishuka wakaenda Nairobi kwa gari.

Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa katika Bonde la Ufa huyajua maneno ya bahari kabla ya kuijua bahari yenyewe. Hufundishwa kusi na kaskazi, tanga na foromali, tezi na omo. Huyaeleza katika mtihani na kupewa alama zake, ilhali hajawahi kuona mlingoti. Maneno hayo hukaa kichwani mwake kama vyombo vya udongo vya thamani vilivyo kabatini: hufutwa vumbi, hupangwa vizuri, na havitumiki.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kijana mmoja wa Elburgon alipojiunga na chuo kikuu huko Njoro mwaka wa 2011 kusomea Kiswahili na historia. Alikuwa mtoto wa mji wa mbao. Alijua harufu ya mti uliopasuliwa, mlio wa misumeno, na ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka msitu wa Mau. Bahari ilikuwa imeingia nyumbani kwao kwa njia moja tu: kaka yake mkubwa alikuwa ameandikwa katika jeshi la wanamaji, lile lililoasisiwa tarehe 12 Desemba 1964 na ambalo makao yake yapo Mtongwe, Mombasa. Kaka huyo alirudi likizoni akiwa mweusi zaidi na mkimya zaidi. Mama yao alimtafsiria kila mgeni kwamba mwanawe anafanya kazi "kwa maji", kana kwamba ni mfereji.

Bwenini, kijana huyo alipangiwa chumba kimoja na mwanafunzi kutoka Lamu, ambaye kwa upande wake hakuwa amewahi kulala mahali penye baridi ya kumlazimisha mtu kuvaa soksi usiku. Wawili hao walichanga fedha wakanunua tarakilishi kuukuu ya kupakata mjini Nakuru. Haikuwa na nguvu za kutosha kuendesha mchezo wa Civilization V, uliokuwa umetoka mwaka wa 2010, kwa hiyo wakatosheka na ule uliotangulia, Civilization IV.

Mchezo huo, uliotengenezwa na kampuni ya Firaxis na kutolewa mwaka wa 2005, ni wa mikakati na huchezwa kwa zamu. Kila mchezaji hupewa taifa changa akajenga miji, akafunza askari, akatafuta elimu na kuunda meli. Akimaliza zamu yake, hukaa akangoja mwenziwe atende yake. Hapana haraka ya vidole. Anayeshinda ni anayetangulia kufikiri. Watu wawili wanaweza kuutumia mtambo mmoja kwa kupokezana kiti, na vijana wale ndivyo walivyofanya: mmoja akicheza, mwenzake alijilaza akautazama ukuta ili asizione siri za jirani.

Msomaji wa jarida kama hili anayo sababu nyingine ya kuutambua mchezo huu. Wimbo wake wa kufungulia ni "Baba Yetu" wa mtunzi Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka wa 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kutoka katika mchezo wa tarakilishi kufanya hivyo. Kwa hiyo watu wa mataifa mengi wasiojua Kiswahili walikisikia kikiimbwa kila walipowasha mitambo yao. Hata hivyo, mchezo wenyewe haukutafsiriwa kwa Kiswahili. Lugha hii ilialikwa mlangoni ipige ngoma, haikukaribishwa ndani kuzungumza. Vijana wale ikawabidi wajitafsirie.

Hapo ndipo vile vyombo vya kabatini vilipoanza kupakuliwa chakula. Chombo cha makasia kilipata jina, chombo cha matanga makubwa kikawa merikebu, na chombo cha vita kikawa manowari, neno ambalo Waswahili walilitwaa kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza wakaliweka katika ulimi wao hata likasahau kwao. Nyambizi haikuhitaji mjadala. Ubishi ulizuka juu ya jina la meli nyingi zinazokwenda pamoja.

"Huu ni msafara," alisema kijana wa Lamu.

"Msafara ni wa nchi kavu, bwana. Ni watu na mizigo na punda."

"Na hizi si watu na mizigo? Punda pekee ndiye aliyekosekana. Ukitaka tutampakia."

Basi ukaitwa msafara.

Taabu ya mchezo huo imo baharini. Kikosi cha nchi kavu kikishindwa, kimepotea kimoja. Lakini meli ya kubebea askari huchukua vikosi vinne, na ikizamishwa, vyote vinne huzama nayo bila kufyatua hata risasi moja. Kikosi kilichomo melini hakiwezi kujitetea. Uwezo wake wote wa kivita umefungwa sandukuni hadi kitakapokanyaga ufuo. Kanuni hiyo moja ndiyo inayozaa elimu yote ya kulinda meli. Zipo nyingine zinazoifuata. Meli nyingi zinaruhusiwa kukaa katika mraba mmoja, na adui akizishambulia, iliyo na nguvu kuliko zote hujitokeza kupigana kwa niaba ya zilizosalia. Kwa hiyo mwenye busara hazitumi meli za askari peke yake, huziweka kivulini mwa manowari. Nyambizi ya adui haionekani na meli nyingi, ila na manowari maalumu zenye uwezo wa kuigundua. Kwa hiyo manowari kubwa yenye mizinga ya kutisha yaweza kuwa kipofu, na msafara usio na macho ni msafara uliokwisha kuhukumiwa. Meli iliyojeruhiwa hupona upesi zaidi bandarini. Lakini mji wenye bandari hiyo ukitekwa na askari wa nchi kavu, meli zote zilizotia nanga humo huangamia papo hapo, hata ziwe imara namna gani.

Mchezaji mgeni huisoma kanuni hii ya mwisho kisha huisahau, kwa sababu bandari humpa mtu usingizi.

Kijana wa Elburgon alikuwa na falsafa ya mfugaji anayeingiza ng'ombe zizini jua likitua. Aliunda meli nyingi, akazirundika katika bandari moja yenye ngome, akawa anazihesabu kila zamu. Zilikuwa kumi na mbili, kisha kumi na nane. Haikupotea hata moja. Mwenzake alikuwa na sita tu, ambazo hazikutulia: mbili mbele zikipeleleza, tatu pamoja na mizigo, moja nyuma.

"Meli zako zinaota kutu, ndugu yangu," alisema kijana wa Lamu usiku mmoja.

"Lakini hazijazama."

"Hazijazama, ni kweli. Na bahari ni yangu."

Jambo hilo lilimkera kijana wa Elburgon kuliko kushindwa. Aliona kwamba mwenziwe anasema kweli, wala hakuweza kuitambua kanuni iliyofanya kweli hiyo iwe kweli. Meli kumi na nane zilikuwa zimelindwa kikamilifu, na bado hazikumlinda yeye: samaki wa mwambao walikuwa wa mwenzake, biashara ya visiwa ilikuwa ya mwenzake, na hakuna mji wake wowote wa pwani uliolala bila hofu.

Maelezo yalipatikana mbali na tarakilishi. Jumamosi moja wawili hao walikwenda Hyrax Hill, kilima kilichoko viungani mwa Nakuru kando ya barabara ya Nairobi, mahali ambapo Mary Leakey alichimba mnamo 1937 na 1938 akafukua makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Katika mwamba wa kilima hicho mna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye jiwe. Kijana wa Lamu, aliyekuwa amepanda kwa kuburura miguu kwa sababu ya kiu, aliyaona akachutama kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao katika mji wa ugenini. Kisha akachimba mashimo yake mwenyewe kwenye udongo, kwa namna ya bao la Kiswahili: safu nne, mashimo manane katika kila safu, kokoto badala ya kete.

Alieleza hivi. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Kete zinazoweza kuliwa ni za safu ya mbele peke yake. Za nyuma haziguswi na adui. Mtu asiyejua mchezo atauliza: basi kwa nini kete zote zisipelekwe nyuma? Jibu ni kwamba mchezaji ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa hapo hapo, hata kama ya nyuma imejaa kete hadi zinamwagika. Usalama wa nyuma una thamani maadamu kuna kitu mbele. Tena katika safu hiyo ya mbele limo shimo liitwalo nyumba, ambamo kete hukusanyika tangu mwanzo. Nyumba ni utajiri na ni mtego. Ikinona sana, adui haachi kuitamani, na ikiliwa, mchezo mara nyingi umekwisha. Mwenye nyumba, kete yake ya mwisho inapoangukia humo katika mwendo wa kula, ana hiari: alale, au asafiri na kete zote azitawanye ubaoni. Watu wa Lamu na Unguja wanaobishana barazani mpaka jua likatua hawabishani juu ya kingine ila wakati wa kusafiri.

"Wewe umelala tangu mchezo uanze," alimaliza kijana wa Lamu, akizifuta kokoto kwa kiganja.

Yawezekana mlinganisho huo una kasoro zake. Kete zote za bao ni sawa, ilhali meli zina ukubwa na udhaifu tofauti. Tena katika bao kete iliyoliwa haiangamii, hupandwa upya katika mashimo ya aliyekula. Lakini mlinganisho ulitosha kumpeleka kijana wa Elburgon maktabani. Mtu anayesoma historia huwa na mazoea ya kuuliza kama jambo fulani liliwahi kumtokea mtu wa nyama na damu.

Lilikuwa limetokea, tena karibu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Unguja, ikitengenezwa mitambo yake ya mvuke. Bandari ilikuwa yao, mji ulikuwa chini ya himaya yao. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilitokea baharini na kuipiga ikiwa imesimama, ikazama. Baada ya ushindi huo Königsberg nayo ikaenda kujificha katika vijito vya mdomo wa Mto Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za adui hazikuweza kuifuata. Ilisalimika humo kwa miezi mingi bila kwenda popote, mpaka Waingereza walipoleta vyombo viwili vyenye kina kifupi, Severn na Mersey, na kuimaliza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 wakaipeleka kupigana nchi kavu. Leo mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa penye Ngome ya Yesu mjini Mombasa, jirani kwa jirani, na watoto huikalia wapigwe picha.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kuuhukumu. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na kuzamisha manowari kadhaa za Uingereza, miongoni mwake Hermes, iliyokuwa ya kubebea ndege. Amirali James Somerville, aliyeongoza kikosi cha Uingereza katika Bahari ya Hindi, aliona kwamba manowari zake kongwe zingeteketea bure, akazirudisha hadi Kilindini. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa woga. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Kilindi ni maji yenye kina, na meli iliyo hai kilindini humsumbua adui kuliko meli shujaa iliyo chini ya bahari. Lakini gharama ilikuwapo, nayo haikulipwa na manowari: katika siku hizo za Aprili meli za biashara zaidi ya 20 zilizamishwa katika Ghuba ya Bengali, kwa kuwa hapakuwa na wa kuzilinda.

Kijana wa Elburgon aliandika pembeni mwa daftari lake: "safu ya mbele". Kisha akafungua ukurasa wa mwaka wa 1944, na huko mlinganisho wa bao ukamkatikia mkononi.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara uliopewa alama KR 8 uling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Ulikuwa na meli tano za askari. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail, na ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa katika vita dhidi ya Wajapani. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Kwa kanuni zote za kulinda meli, msafara huo haukuwa mtupu: ulikuwa na manowari kubwa, Hawkins, na manowari mbili nyepesi za kuwinda nyambizi, Petard na Paladin. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 ilipenya na kuipiga Khedive Ismail kwa makombora mawili ya chini ya maji. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika 3. Walikufa watu 1,297. Waliookoka ni 214, na kati yao wanawake walikuwa 6.

Hayo yatosha kuwa msiba. Kilichomfanya kijana ainuke kitini ni kilichofuata. Nyambizi ilikuwa bado iko pale pale, chini ya maji ambayo juu yake walielea walionusurika, wakishikilia mbao na mashua. Meli nne zilizobaki, zenye maelfu ya watu, zilikuwa mbele. Nyambizi ikiachwa, ingeweza kuzifuata. Ikishambuliwa, mabomu ya kulipukia chini ya maji yangewaua watu waliokuwa wakiomba kuokolewa. Manowari zilizokuja kuwalinda zilipita katikati yao zikaangusha mabomu. Nyambizi ililazimika kuibuka, na baada ya mapigano marefu Petard iliizamisha.

Katika mchezo wa tarakilishi hapana zamu ya namna hiyo. Meli ya askari ikizama, vikosi vinne hufutika mara moja na kiwambo hubaki na maji ya buluu yaliyotulia. Hakuna anayeelea. Waundaji wa mchezo hawalaumiki kwa hilo, kwani mchezo ukibeba kila kitu hauchezeki, na bao nalo halina kilio. Ila ni vyema ijulikane kilichoachwa nje. Mchezo humfundisha mtu kulinda meli. Kwa nahodha wa Petard swali lilikuwa ni watu gani kati ya watu.

Kuna neno la Kiswahili ambalo vijana wale walikuwa wakilitumia muda wote bila kulitafakari. Manowari iendayo na meli ya mizigo walisema "inaisindikiza". Kusindikiza, nyumbani, ni adabu ya mwenyeji: mgeni akiaga, humwandama hadi njia panda, pengine hadi kituo cha matatu, kisha hurudi. Asiyemsindikiza mgeni amemfukuza. Lakini mwenye kusindikiza hurejea; hapo ndipo neno lilipo na upole wake na upungufu wake. Safari hubaki kuwa ya mgeni. Kijana wa Elburgon alijaribu kutafuta neno jingine kwa ajili ya manowari, akapendekeza "kufikisha". Mwenzake alikataa, akasema hakuna chombo kinachoweza kuahidi kufikisha, kinaweza kuahidi kusindikiza tu. Suala hilo liliachwa wazi, na huenda wasomaji wenye ujuzi wa istilahi za kijeshi wakawa na la kuongeza.

Majina ya wengi wa askari wa meli ile hayana makaburi. Kumbukumbu yao imo katika Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Kijana alifika huko Agosti 2012, akatembeza kidole juu ya majina yaliyochongwa. Gilgil, ambako alikuwa amepita kwa matatu mara nyingi akisinzia, nako kuna makaburi ya vita hiyo hiyo. Aliyajua siku hiyo tu, ingawa yako karibu na kwao kuliko Nairobi.

Mwezi uliofuata kaka yake hakupatikana kwa simu. Kenya ilikuwa imeingia Somalia tangu Oktoba 2011, na ilijulikana kwamba Kismayu ndio mji uliokuwa ukilengwa. Tarehe 28 Septemba 2012 redio ilitangaza asubuhi kwamba majeshi ya Kenya, pamoja na wapiganaji wa Kisomali, yalikuwa yameshuka ufuoni kutoka melini. Nyumbani Elburgon mama aliacha redio ikisema peke yake akaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Bwenini kijana aliketi mbele ya tarakilishi iliyozimwa. Mwenzake wa Lamu, ambaye kwao si mbali na mpaka huo, aliketi naye hadi usiku bila kusema neno, na huo ulikuwa ukarimu mkubwa kwa mtu mwenye maneno mengi. Zamu ilikuwa ya kijana wa Elburgon tangu siku mbili nyuma, na hakuna aliyeitaja.

Simu ililia siku ya nne. Kaka alisema yu mzima, akauliza kama viazi vimechimbwa.

Alikuja nyumbani Desemba, likizo ambayo mdogo wake naye alikuwa amefunga chuo. Hakutaja jina la meli wala idadi ya watu, na hakuulizwa. Usiku mmoja, wengine walipokwisha kulala, mdogo mtu alithubutu.

"Kaka, mlipokuwa mkienda, mlijua kama mnalindwa?"

Kaka alifikiri kwa muda.

"Tuliambiwa. Lakini ukiwa chini huoni kitu. Unasikia mtambo, unasikia mwenzako akitapika. Hujui zamu ni ya nani."

Neno "zamu" lilitoka kinywani mwake kwa maana ya kikazi, yaani ya mabaharia wanaopokezana lindo, naye hakujua kwa nini mdogo wake alishtuka. Ndipo kijana alipoifungua tarakilishi amwonyeshe. Juu ya kiwambo msafara wake ulikuwa katikati ya bahari: meli mbili za askari na manowari tano, mbili zikiwa mbele. Alikuwa amejifunza. Kaka aliinama akasogeza uso.

"Hizi mbili zina watu?"

"Zina vikosi vinane."

"Na hizi?"

"Zinazisindikiza."

Kaka alizihesabu kwa kidole bila kugusa kioo, kisha akauliza kama zitakaa pale pale mpaka shule ifunguliwe. Mdogo wake akamjibu kwamba ndivyo, hadi Januari.

"Bandari ya karibu ni mwendo gani?"

"Zamu tatu."

"Basi zipeleke."

"Siwezi, kaka. Nimekwisha kucheza yangu. Inayofuata ni ya mwenzangu, naye yuko Lamu."

Kaka alizidi kukitazama kiwambo.

"Mpigie simu," akasema.